Kupanga Trela ya Filamu ya Familia

Trela ya filamu ya familia husimama juu ya swali moja ambalo watu wa nyumba moja hawawezi kulijibu wakiwa wamekaa pamoja. Filamu ya mapigano ina milipuko ya kuonyesha, na filamu ya kutisha ina kivuli nyuma ya mlango. Filamu ya familia ina watu wanaopendana na neno wasiloweza kuambiana. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya mwanafunzi anayepanga trela ya aina hii haihusu kamera wala muziki. Anatakiwa alipate swali hilo, aliandike kwa sentensi moja, kisha aamue ni sehemu gani ya jibu itabaki ndani ya filamu.

Kwa sura yake swali laweza kuwa dogo sana. Katika Tokyo Story ya Yasujiro Ozu (1953), wazee wawili wanasafiri kwenda Tokyo kuwatembelea watoto wao, na watoto hawana nafasi nao. Kisa ni hicho tu, na filamu hiyo bado inatazamwa na kufundishwa miaka 70 baadaye. Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina, iliyopigwa Kenya, inamhusu Jo, msichana wa miaka 9 mwenye ugonjwa usiopona ambaye ndoto yake ni kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Ugonjwa ni msiba wa familia hiyo, lakini ugomvi wake uko kwingine: mama anataka binti yake atunzwe nyumbani kwa utulivu, na dada mkubwa, Mwix, anataka siku zilizobaki ziwe na furaha hata kama ni kwa kuigiza. Wote wawili wanampenda mtoto, kwa hiyo hakuna anayestahili kushindwa. Trela inayotangaza mtoto mgonjwa huomba huruma tu. Inayowaonyesha mama na dada wakivutana juu ya namna ya kumpenda humfanya mtazamaji achague upande kabla hajaiona filamu.

Swali na siri

Mfano utakaotumika katika sura hii ni filamu fupi ya kubuni, ya kiasi ambacho wanafunzi wanaweza kukimudu kwa nyumba moja na waigizaji wanne. Baba amefariki Tanga. Mjane yuko edani, na eda ni miezi 4 na siku 10. Kijana mkubwa, anayefanya kazi Dar es Salaam, anataka nyumba iuzwe na kila mrithi apate fungu lake. Binti wa mwisho, aliyebaki kumuuguza baba, hataki kusikia habari hiyo. Mjomba ameitwa kusuluhisha. Mama anajua jambo ambalo watoto hawalijui: nyumba iliwekwa rehani miaka mingi iliyopita ili kijana huyohuyo apate kusoma.

Swali la trela hapa ni nani mwenye haki ya kuamua juu ya nyumba ambayo mama bado yumo ndani yake akiomboleza. Siri ya rehani ndiyo jibu la filamu, na haifai kuguswa. Wanafunzi wengi huona tabu kuliacha jambo lililo zuri kuliko yote katika hadithi yao, wakaliweka kwenye trela kwa kuwa ndilo linalowatia msisimko. Kipimo chepesi ni kuandika orodha mbili: mambo ambayo mtazamaji lazima ayajue ili ajali, na mambo ambayo akiyajua hatakuwa na sababu ya kuja. Kifo cha baba, eda ya mama na nia ya kuuza nyumba vinaingia katika orodha ya kwanza. Rehani na upatanisho wa ndugu vinaingia katika ya pili, hata kama upatanisho ndio ulioigizwa vizuri kuliko maonyesho yote.

Mtazamaji anayekusudiwa naye huamua kiasi cha kueleza. Mtu wa pwani akimwona mjane ameketi ndani na wageni wanaishia barazani, amekwisha kuelewa. Anajua pia kwamba katika mirathi ya Kiislamu fungu la mke mwenye watoto ni sehemu 1 ya 8, na kwamba mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike, kwa hiyo anauona moto wa ugomvi kabla haujawashwa. Mtazamaji wa tamasha la mbali hayajui hayo. Kwake utahitajika mstari mmoja wa mjomba unaotaja eda na muda wake. Mstari mmoja unatosha, maana trela ikianza kutoa darasa la mirathi imeshapoteza familia.

Filamu ipo, au haijapigwa

Trela nyingi za wanafunzi hupangwa kabla filamu yenyewe haijakuwapo, ama kwa sababu ndiyo kazi waliyopewa darasani, ama kwa sababu inatafutiwa fedha. Hali hiyo ina hatari yake. Mwigizaji anayepewa mstari mmoja tu, bila kilichoutangulia, huutamka kama tangazo la redio. Njia ya kuepuka ni kuandika muhtasari wa hadithi nzima kwa kurasa mbili au tatu, kuchagua maonyesho manne au matano yenye uzito, na kuyaandika yote kwa ukamilifu kana kwamba filamu inapigwa kesho. Siku ya kupiga, kila onyesho huigizwa tangu mwanzo hadi mwisho. Katika onyesho la dakika 3 huenda zikatumika sekunde 5 tu, lakini sekunde hizo zitakuwa na pumzi ya watu waliokuwa wakizungumza kweli.

Mahali ambapo filamu imeshapigwa, kazi inakuwa ya kuchambua. Picha zote hutazamwa upya, siyo zile zilizoingia kwenye filamu peke yake, na kila kipande kinachofaa huandikwa pamoja na jina la faili na dakika yake. Inafaa kuzitazama mara moja bila sauti. Katika filamu ya familia, vipande vyenye thamani mara nyingi viko kabla ya mstari au baada yake: jicho linaloinuka, mkono unaoacha kikombe, mtu anayetaka kusema akaghairi. Mhariri wa filamu huenda alivikata ili mazungumzo yaende mbio. Mpangaji wa trela huvirudisha.

Dakika moja na nusu

Matangazo ya filamu yana umri wa zaidi ya karne moja. Mwaka 1913 Nils Granlund, aliyesimamia matangazo ya majumba ya Marcus Loew huko Marekani, alitengeneza filamu fupi ya kutangaza onyesho la jukwaani The Pleasure Seekers, na kwa kawaida hiyo ndiyo hutajwa kuwa trela ya kwanza. Urefu wake umebadilika mara nyingi. Alfred Hitchcock aliitangaza Psycho mwaka 1960 kwa trela ya zaidi ya dakika 6, akiwatembeza watazamaji ndani ya nyumba ya filamu. Katika sinema za Marekani kiwango kilichozoeleka kikawa dakika 2 na nusu, na mwaka 2014 chama cha wenye sinema kilipendekeza dakika 2. Filamu fupi ya mwanafunzi haihitaji zaidi ya sekunde 90, na kionjo chake sekunde 30. Filamu ya dakika 15 yenye trela ya dakika 2 na nusu imetoa sehemu 1 ya 6 ya urefu wake bure.

Sekunde 90 ni fremu 2,250 kwa mwendo wa fremu 25 kwa sekunde. Shoti ikikaa wastani wa sekunde 3, trela nzima ina shoti 30. Hesabu hiyo huwatuliza wanaodhani wanahitaji mamia ya picha, na huwaonya wanaotaka kuingiza kila mhusika. Katika shoti 30, uhusiano mmoja utaonekana vizuri na wa pili kwa mbali. Katika mfano wa Tanga, uhusiano huo ni wa kaka na dada, na mama yuko katikati yao. Mjomba hupata shoti mbili.

Sekunde 20 za kwanza huonyesha nyumba katika desturi yake. Ua unafagiliwa, chai inamiminwa, binti anapeleka sahani chumbani kwa mama na kusimama kidogo mlangoni. Kiti cha baba barazani hakina mtu. Hakuna haja ya maandishi ya kusema kwamba baba amekufa. Kisha gari linasimama nje. Kijana anashuka pamoja na mwanamume mwenye utepe wa kupimia, na ukuta unaanza kupimwa kwa upande wa nje, kwa sababu mgeni huyo si mtu wa kuingia kwa mjane aliye edani. Ndani, mama anausikia utepe ukijikunja kurudi kwenye kasha lake. Sauti hiyo moja huifunga sehemu ya kwanza, na inasema mambo ambayo kurasa mbili za majibizano zisingeyasema. Mnunuzi mwenyewe haonyeshwi uso. Mikono yake inatosha, na mmoja wa wapiga picha anaweza kuitoa.

Sehemu ya pili, ya sekunde 35 hivi, ni ya pande mbili, na hapa ndipo trela nyingi za familia zinapoharibika. Mwandishi humchagua mmoja awe mbaya. Kijana anayetaka kuuza nyumba anavalishwa miwani myeusi na kupewa simu ya kupiga kelele nayo, na swali linakufa palepale, kwa kuwa jibu limeshajulikana. Kila upande unastahili kupewa hoja yake yenye nguvu kuliko zote. Kijana aonekane usiku peke yake akiwa na risiti za matibabu mkononi. Akisema, "Gharama zote za hospitali nimelipa mimi, mdogo wangu," na binti akajibu, "Na kijiko cha uji nilikishika mimi, kaka," mtazamaji hana pa kukimbilia: wote wawili wamesema kweli. Filamu ya Noah Baumbach ya mwaka 2019, Marriage Story, ilitangazwa kwa vionjo viwili. Katika kimoja mke anataja anayoyapenda kwa mumewe, na katika kingine mume anataja anayoyapenda kwa mkewe. Filamu yenyewe ni ya talaka. Waliopanga vionjo hivyo walijua kwamba uchungu wa kuachana hauna uzito mpaka mapenzi yaonekane kwanza.

Baada ya hapo shoti zinaweza kufupika: mlango, sanduku, mjomba akisimama, mkono ukipiga meza, gari likiondoka. Ukelele mmoja waweza kuruhusiwa, lakini si miwili. Kofi, kuanguka chini na kilio cha muda mrefu ni vitu ambavyo mtazamaji wa Afrika Mashariki ameviona mara nyingi mno katika trela, na havimwambii tena kwamba familia hii ina tofauti na nyingine. Uso unaojizuia kulia humvuta zaidi kuliko uso uliokwisha kulowa.

Kisha kila kitu kinanyamaza. Mama, ambaye hajasema neno tangu mwanzo, anasema bila kuinua sauti: "Karatasi za nyumba ziacheni mpaka nitoke edani." Mstari huo unataja kitu, unaweka tarehe, na unaonyesha kwamba mama anajua jambo, bila kulifichua. Kila trela ya familia inahitaji mstari wa namna hiyo, na kuutafuta kwaweza kuchukua muda mrefu kuliko kazi nyingine zote za maandishi. Ukipatikana, hupewa sekunde 2 za ukimya baada yake, halafu jina la filamu. Shoti ya mwisho, baada ya jina, ni ya sekunde 5: binti anafungua sanduku usiku, anashika bahasha, na mkono wa mama unafunika wake.

Nyumba, mwanga na sauti

Storibodi ya trela hii si lazima ichorwe kwa ustadi. Vijiti na mishale vinatosha, ilimradi kila kisanduku kionyeshe nani yuko karibu na kamera, nani yuko mbali, na nini kinawatenganisha. Katika filamu ya familia umbali kati ya watu ndani ya fremu ni sehemu ya hadithi. Ndugu wakianza wakiwa wamekaa mkeka mmoja na kumaliza wakiwa katika vyumba viwili vinavyoonekana kwa pamoja kutoka ukumbini, mabadiliko hayo lazima yawepo kwenye karatasi kabla ya siku ya kupiga.

Nyumba ya kuazima ina familia yake ukutani. Picha za harusi na za wajukuu wa mwenye nyumba zitaingia kwenye fremu na kuwachanganya watazamaji, kando ya kuwa zimechukuliwa bila ridhaa. Waigizaji wapigwe picha ya familia mapema, pamoja na mtu atakayekuwa sura ya baba, ichapishwe, itiwe fremu na kuzeeshwa kidogo, kisha itundikwe mahali pa zile za wenyeji. Ni gharama ndogo, na picha hiyo inaweza kuwa shoti mojawapo ya trela. Mavazi yanahitaji uangalifu uleule. Kanga huandikwa, na mtazamaji Mswahili husoma kila kanga inayopita mbele yake; maandishi yaliyochaguliwa ovyo yanaweza kuipinga hadithi, na yaliyochaguliwa vizuri yanaweza kusema alichonyamazia mvaaji.

Mwanga wa Tanga, kama wa sehemu zote zilizo karibu na ikweta, haumsubiri mtu. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri jua liko juu na kuyatia macho kivuli, kwa hiyo muda huo ni wa maonyesho ya ndani au ya barazani penye kivuli. Nje hupigwa asubuhi mapema, au kuanzia saa kumi na nusu jioni. Jua likishazama, giza huingia ndani ya dakika 20 au 25, na shoti iliyokusudiwa machweo lazima iwe imefanyiwa mazoezi kabla. Usiku kuna tatizo la taa. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, na taa za mirija na baadhi ya balbu za LED huweza kumemeta kwenye picha. Fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50 kwa kawaida huliondoa tatizo hilo. Simu nyingi huja zimewekwa fremu 30, kwa hiyo mpangilio huo ubadilishwe kwa mkono kabla ya shoti ya kwanza, na simu au kamera zote zifanane.

Sauti ndiyo inayowatofautisha zaidi wanafunzi waliojipanga na wasiojipanga. Mazungumzo ya trela ya familia ni ya chini, na maiki iliyo juu ya kamera, mita 3 kutoka mdomoni, itanasa jokofu na bodaboda kwanza. Maiki iwe karibu kadiri fremu inavyoruhusu. Lokesheni itembelewe mapema, saa ileile itakayotumika kupigia, ili ijulikane shule jirani hupiga kengele saa ngapi, jenereta iko wapi, na adhana husikika kwa nguvu gani. Mvua juu ya bati haina dawa ila kusubiri. Katika kila chumba hunaswa dakika 1 ya ukimya wa chumba hicho, watu wote wakiwa wametulia, kwa sababu ukimya ule wa baada ya mstari wa mama hauwezi kuwa utupu wa kompyuta. Lazima uwe ukimya wa nyumba. Vilevile hunaswa peke yake sauti ya utepe, ya kifuniko cha sanduku na ya ufagio.

Ruhusa

Tanzania ina Bodi ya Filamu, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976. Kenya ina bodi ya kuainisha filamu, KFCB, chini ya Sura ya 222 ya sheria zake. Taratibu na ada huulizwa kupitia chuo kabla ya kupiga na kabla ya kuonyesha hadharani. Mwenye nyumba na waigizaji hutia saini kwa maandishi, na kwa mtoto husaini mzazi. Wimbo ulionunuliwa au kupakuliwa haujaleta ruhusa ya kuutumia kwenye filamu: kuna haki ya aliyeutunga na haki ya aliyeurekodi, na zote mbili zinahitajika. Masuala hayo husimamiwa na COSOTA Tanzania na KECOBO Kenya. Njia iliyo bora kwa mwanafunzi ni kumwomba mwanamuziki anayesoma naye atunge kipande kifupi, na mapatano yao yaandikwe.

Kuhariri na kujaribu

Mstari wa kwanza wa kuhariri ni wa sauti. Mistari ya mazungumzo, sauti za nyumba na vituo vya ukimya hupangwa vyote kwa sekunde 90 kabla picha yoyote haijawekwa, na toleo hilo husikilizwa gizani. Likieleweka hivyo, picha zitaliongezea nguvu. Muziki huja mwishoni, na katika mfano huu hauanzi kabla ya utepe kujikunja. Wanafunzi wengi huanza na wimbo, wakakata picha kufuata mapigo yake, na familia ikageuka kuwa mapambo ya wimbo.

Maandishi ya kwenye skrini yawe machache. Kadi ya maneno sita hukaa sekunde 3 hivi, na kipimo chake ni kuisoma mara mbili kwa sauti ya kawaida. Tafsiri ya mazungumzo isizidi mistari miwili kwa wakati mmoja. Programu ya DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha kwa kazi hii yote.

Trela ikikamilika huonyeshwa kwa watu watano au sita wasiojua hadithi, kila mmoja peke yake, ili jibu la mmoja lisiwe la wote. Huulizwa maswali matatu tu: nani ni nani wa nani, wanagombania nini, na nani ana haki. Wakikosea swali la kwanza, sekunde 20 za mwanzo zina kasoro, na mara nyingi dawa ni mtu mmoja kuitwa "kaka" au "mama" mapema zaidi. Wakikosea la pili, utepe na karatasi havijaonekana vya kutosha. Wakikubaliana wote katika la tatu, upande mmoja umeonewa, na sehemu ya kati irudiwe. Mtu akiitaja rehani bila kuambiwa, kuna shoti inayovujisha siri, na hiyo hutafutwa mpaka ipatikane.

Matoleo ya mwisho huandaliwa yakiwa mawili angalau. La kwanza ni la skrini pana kwa ajili ya darasa na matamasha kama ZIFF ya Zanzibar. La pili ni la wima kwa simu, lenye sekunde 30, ambalo hupangwa upya shoti kwa shoti, kwa sababu kaka na dada waliotenganishwa kwa upana wa chumba hawaenei katika skrini nyembamba na huhitaji kuonyeshwa mmoja baada ya mwingine. Video zinazotumwa kwa WhatsApp hubanwa, na sehemu za giza huchakaa kwanza, kwa hiyo shoti ya sanduku usiku huongezwa mwanga kidogo katika toleo hilo na kutazamwa kwenye simu ya bei nafuu kabla ya kusambazwa. Faili za awali, za picha na za sauti, huhifadhiwa katika diski mbili zinazokaa mahali tofauti. Kamera inayorekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde hujaza gigabaiti 22.5 kwa saa moja, na nafasi hiyo huhesabiwa siku ile ile bajeti inapoandikwa.